Nikimshinda mdogo wangu kwa kila kazi, abaki wa nini?

Kwako Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini, na kazi zangu ni mbili: nashona magauni na sare za shughuli, na natengeneza sambusa ambazo huzipeleka kwenye vibanda vya chai na shule mbili za karibu. Marehemu baba aliniachia fremu moja ya duka iliyo barabarani, na humo ndimo ninamoshonea. Kukaanga hufanyika uani nyumbani, hatua chache kutoka hapo.

Mwaka jana mama alimleta mdogo wangu wa mwisho kutoka Pangani ili ajifunze cherehani na anisaidie. Tuna vyerehani viwili, na tumejiwekea utaratibu kwamba siku tatu za wiki sote tunashona, na siku tatu sote tunakaanga. Tatizo ni kwamba mdogo wangu ni mzito katika kila jambo. Siku nzima mimi humaliza magauni 3, yeye humaliza 1, na hilo moja mara nyingine nalifumua pindo. Tukiingia kwenye sambusa, mimi hutoa 300 kwa siku, yeye 200. Nikishatoa uzi, zipu, bitana na umeme, gauni moja huniachia shilingi 15,000, na nikishatoa unga, nyama, vitunguu, mafuta na gesi, sambusa moja huniachia shilingi 100. Yeye nampa 30,000 kwa wiki, chakula na malazi vikiwa juu yangu. Sasa amepata mwito wa kurudi Pangani kuanika na kupakia dagaa kwa 8,000 kwa siku, na mimi nawaza nimwache aende zake. Mtu ambaye namshinda kwa yote mawili ananifaa kwa lipi? Lakini nikimrudisha, mama atasema nimemfukuza, na kusema kweli wateja wa sare wamekuwa wengi hata wengine nawarudisha.

Jambo la pili ni fremu. Kijana mmoja anayefanya uwakala wa fedha za simu anaitaka kwa 200,000 kwa mwezi. Mume wangu anasema nimpe, nishonee barazani nyumbani. Mimi namjibu kwamba fremu ni yangu, silipi kodi ya pango kwa mtu, hainigharimu hata senti, basi kwa nini niiache?

La tatu, nilinunua mashine ya kudarizi kwa 2,800,000. Kazi zake ni chache, kwa mwezi huniingizia kama 40,000 hivi. Amejitokeza mtu anayetoa 1,600,000 na anangoja jibu langu mwisho wa mwezi. Moyo wangu haukubali kupoteza 1,200,000. Wakati huohuo vitambaa ninavyouza nachukua kwa mkopo, majora manne kwa mwezi, kila jora kwa 105,000, ilhali mwenye fedha mkononi hulipata kwa 90,000.

Usinione mvivu, maana kila asubuhi naenda mwenyewe soko la Mgandini kununua vitunguu na nyama ili nisipunjwe, na huko huokoa 2,000 au 3,000. Jirani yangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka, niache moja ya kazi hizi. Nishauri.

Fundi wa Ngamiani

JIBU

Dada yangu wa Ngamiani,

Waaleikum salaam warahmatullah. Umeuliza maswali matatu, lakini yote yanatoka katika kasoro moja ya hesabu. Katika kila jambo umehesabu fedha inayotoka mfukoni mwako, na hukuhesabu ile ambayo ingeingia laiti siku hiyohiyo, fremu hiyohiyo au shilingi hiyohiyo ungeipeleka kwingine. Wanauchumi huiita gharama ya fursa, yaani thamani ya kile kilicho bora zaidi miongoni mwa vyote unavyoviacha ili upate ulichokichagua. Gharama hii haina risiti, wala hakuna anayekuja kuidai mlangoni, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wengi wenye madaftari safi kabisa huiacha nje ya daftari.

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa ndipo penye uzito.

Ni kweli kwamba unamshinda kwa kazi zote mbili, na sitakubishia. Hata hivyo, ubingwa wako hautoshi kukuonyesha nani afanye nini. Linaloonyesha hilo ni kile ambacho kila mmoja wenu anakiacha anapofanya kazi fulani. Siku unayoshona magauni 3 unaacha sambusa 300, kwa hiyo kila gauni unalolishona wewe linagharimu sambusa 100. Mdogo wako akikaa kwenye cherehani siku nzima anapata gauni 1 na anaacha sambusa 200, na kwa hiyo gauni lake ni ghali mara mbili ya lako. Sasa ligeuze suala hili ulitazame kutoka jikoni: wewe ukikaanga sambusa 100 umeacha gauni zima, ilhali yeye akikaanga sambusa 100 ameacha nusu ya gauni tu. Katika nyumba yenu, basi, sambusa za bei nafuu ni zake, ingawa mikono yako ni myepesi kuliko ya kwake hata katika kukunja manda.

Tazama utaratibu wenu wa sasa unaleta nini kwa wiki. Magauni ni 9 yako na 3 yake, jumla 12. Sambusa ni 900 zako na 600 zake, jumla 1,500. Faida yake ni 180,000 kutoka kwenye cherehani na 150,000 kutoka kwenye karai, yaani 330,000. Mwache sasa mdogo wako akae jikoni siku zote sita, naye atatoa sambusa 1,200. Zile 300 zinazopungua zikaange wewe kwa siku moja, kisha siku tano zilizobaki usiondoke kwenye cherehani. Sambusa zitabaki 1,500 na hakuna kibanda kitakacholalamika, lakini magauni yatakuwa 15 badala ya 12. Hayo matatu ya nyongeza ni shilingi 45,000 kila wiki, na hakuna aliyeongeza saa ya kazi, hakuna aliyenunua kifaa kipya, na mdogo wako ni mzito vilevile kama alivyokuwa wiki iliyopita.

Umeuliza anakufaa kwa lipi. Tuseme ameondoka na wewe umeamua kutowaangusha wenye vibanda. Utalazimika kukaanga siku tano ili upate zile sambusa 1,500, na itakubakia siku moja tu ya kushona magauni 3. Ukilinganisha na mpango niliokuonyesha, kuondoka kwake kutakuwa kumekunyang'anya magauni 12, yaani 180,000 kwa wiki. Ukiamua badala yake kupunguza wateja wa sambusa na usizikaange zile 1,200 zake, utakuwa umepoteza 120,000. Kwa vyovyote vile, huyo unayemwona hana faida anabeba sehemu kubwa ya kipato chako, na anaibeba kwa kukuondoa wewe kwenye karai.

Hesabu hii ni ya zamani. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba fundi wa nguo hajishonei viatu, huvinunua kwa fundi viatu, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kila mmoja wao alidhaniwa kumshinda mwenzake katika kazi yake. Swali gumu zaidi ni lile ulilouliza wewe: itakuwaje mmoja akiwa bora katika kazi zote? Jibu lake liliwekwa wazi mwaka 1817 na David Ricardo, mfanyabiashara wa soko la hisa la London ambaye miaka miwili baadaye aliingia bungeni. Alitoa mfano wa nchi mbili. Uingereza, alisema, ichukuliwe kuwa inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka ili ipate kiasi fulani cha nguo, na ya watu 120 ili ipate kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ipate nguo hizohizo kwa watu 90 na mvinyo huohuo kwa watu 80. Ureno ndiyo mbora kwa yote mawili, kama wewe, lakini bado inafaidika ikishughulika na mvinyo na kununua nguo kutoka Uingereza, kwa sababu mvinyo wa watu 80 utaipatia nguo ambazo ingezitengeneza yenyewe kwa watu 90. Uingereza nayo, ambayo ni duni kwa yote mawili, inapata kwa nguo za watu 100 mvinyo ambao ungehitaji watu 120. Huo ndio unaoitwa ubora linganishi, na watu wengi wenye elimu zao wameusoma bila kuuamini, kwa sababu macho yao yalibaki kwenye swali la nani mbora kuliko nani.

Ricardo aliweka sharti ambalo halimo nyumbani kwako. Katika mfano wake mtaji na wafanyakazi hawahami kwa urahisi kutoka nchi moja kwenda nyingine, lakini kutoka Tanga kwenda Pangani ni safari ya basi tu. Mdogo wako naye ana gharama yake ya fursa, na kwa bahati nzuri umenitajia kiasi chake: 8,000 kwa siku, yaani 48,000 kwa wiki ya siku sita, tena akiishi kwa mama na kula kwa mama. Wewe unampa 30,000. Sikulaumu, maana chakula na malazi ni fedha pia, lakini hayo ya mama hayamgharimu kitu, kwa hiyo kwa upande wake tofauti ni 18,000 kila wiki anazoziacha ili akae kwako. Anayekaa kwa namna hiyo hukaa kwa heshima ya dada yake au kwa hofu ya mama, na hukunja manda akiwa na mawazo mengine. Sitashangaa hata kidogo ikiwa sehemu ya huo uzito wake inatoka hapo. Malipo yenu yanaweza kupangwa popote kati ya 48,000, ambayo chini yake atafaidika zaidi akiondoka, na 120,000 ukitoa chakula chake, ambayo juu yake wewe hutakuwa na sababu ya kumweka. Mimi ningempa 60,000 bila kungoja aombe. Nyongeza hiyo ya 30,000 italipwa na yale magauni matatu, na wewe utabaki na 15,000 zaidi ya unazopata leo.

Kuna jambo moja katika mpango huu ambalo halinipendezi, na naona ni haki nilitaje. Mama hakumleta binti yake ili awe mkaanga sambusa. Alimleta ajifunze cherehani. Ubora linganishi unakuonyesha namna ya kutumia mikono mliyo nayo leo, lakini haukwambii mikono hiyo ifundishwe nini kwa ajili ya kesho. Wakazi wa Tanga wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoistawisha bandari hii na reli yake. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru hakuna zao lililokuwa likileta fedha nyingi zaidi za kigeni. Ukanda huu ulifanya kile ambacho ardhi na hali ya hewa yake viliuwezesha kukifanya kwa nafuu. Kisha zikaja kamba na magunia ya nyuzi za viwandani, bei ya katani ikaporomoka, na mambo mengine ya uendeshaji yakaongezea, hadi mashamba mengi yakamezwa na vichaka. Siwezi kusema ilikuwa kosa kulima mkonge. Walioumia zaidi ni wafanyakazi ambao hawakuwa wamefundishwa kazi ya pili.

Kwa hiyo mpe mdogo wako siku moja ya wiki kwenye cherehani, na uihesabu kama ada ya chuo. Siku hiyo ataacha sambusa 200 zenye faida ya 20,000 na atashona gauni la 15,000, kwa hiyo hasara ni 5,000. Ongeza saa zako mbili za kumsimamia na kumwonyesha ukataji: kwa kuwa siku yako ya saa nane kwenye cherehani ni 45,000, saa yako moja ni takriban 5,600, basi saa mbili ni 11,200. Ada yote ni kama 16,000 kwa wiki, na utakapomaliza kulipa 60,000 na ada hii utajikuta mahali palepale ulipo sasa kwa fedha, ila ukiwa na mdogo aliyelipwa vizuri na anayejifunza. Angalizo moja tu: siku yake ya kujifunza waambie wenye vibanda kwamba mzigo utapungua kwa sambusa 200. Usizifidie mwenyewe, kwa sababu kwako sambusa 200 ni magauni 2, yaani 30,000, na hapo ada itakuwa imepanda bila sababu. Siku atakapofikisha magauni 2 kwa siku, kila gauni lake litagharimu sambusa 100, sawa kabisa na lako, na mgawanyo huu wa kazi hautakuwa na faida tena. Hapo itakupasa umtafute mtu mwingine wa karai, nanyi wawili mshone.

Huenda umekwisha kujiuliza kwa nini wewe ukaange hata hiyo siku moja, ikiwa siku yako ya cherehani ni 45,000 na ya karai ni 30,000. Swali hilo ni zuri, na jibu lake linategemea msimu. Kuanzia Shaaban hadi mkesha wa Idd, na katika miezi ya harusi, usikaange kabisa. Kubali kupunguza sambusa kuliko kumrudisha mteja wa sare. Miezi ya ukame, pale unapokaa kwenye cherehani hadi adhuhuri bila mtu kuingia, saa yako haina kazi nyingine ya kuiacha, na sambusa unazokaanga saa hizo hazikugharimu gauni lolote. Mtu yuleyule, karai lilelile, lakini gharama imebadilika kwa sababu kinachoachwa kimebadilika. Ndiyo maana sikubaliani na jirani yako na methali yake. Kushika mbili si tatizo kwako. Unachotakiwa ni kujua wiki hii ipi kati ya hizo mbili ipewe mikono yako na ipi ipewe ya mdogo wako.

Kuhusu Mgandini sitasema mengi. Ikiwa kwenda, kuchagua, kubishana bei na kurudi kunakula saa mbili, na huko unaokoa 3,000, basi katika msimu wa kazi umeuza saa mbili za cherehani, zenye 11,200, kwa 3,000. Elewana na muuza vitunguu mmoja akuletee. Atakupunja kidogo, na bado utakuwa mbele.

Sasa fremu. Kauli yako kwamba haikugharimu hata senti ndiyo iliyonifanya nitamani ungekuwa karibu tuzungumze vizuri. Tangu siku ile kijana alipotamka 200,000, fremu inakugharimu 200,000 kila mwezi, sawasawa na kwamba unampa mtu mkononi. Baba yako alikuachia kitu chenye thamani, na thamani hiyo unaitumia kila siku unayofungua mlango na kuweka cherehani ndani. Hapo haimaanishi kwamba lazima uiache. Inamaanisha kwamba fremu lazima ikuletee zaidi ya 200,000 kuliko baraza la nyumbani lingekuletea, na kwa kuwa gauni moja ni 15,000, swali linakuwa jepesi kulipima: ukihamia barazani, utapoteza magauni 14 au zaidi kwa mwezi? Ukipoteza 14, umepata hasara. Ukipoteza 10, mume wako alisema kweli.

Sijui idadi hiyo, lakini wewe unaweza kuijua. Kwa mwezi mmoja, kila mteja anayeingia mwulize amekujuaje, na uandike. Wanawake wa shughuli huja kwa kuambiana, na hao watakufuata hata ukiwa uchochoroni. Wale wapitao barabarani huleta zaidi kazi ya kubadilisha zipu na kukunja pindo, ambayo haina fedha nyingi. Kwa kukisia tu ningesema wateja wako wazito ni wa aina ya kwanza. Hata hivyo, barazani kuna vumbi na mvua, hakuna mahali pa mteja kujaribia nguo kwa stara, na mpangaji naye si fedha ya hakika, kwa maana anaweza kuchelewesha kodi miezi miwili na wewe ukashindwa kumtoa. Vitu hivi navyo vina thamani, ingawa ni vigumu kuviandika kwa shilingi.

Kabla ya yote hayo, fikiria kitu ambacho wewe na mume wako hamkukitaja. Wakala wa fedha anahitaji meza, kiti, wavu na mlango unaotazama barabara; hahitaji fremu nzima. Mpe sehemu ya mbele, weka ukuta wa mbao, na wewe ubaki nyuma na vyerehani vyako na pazia la wateja wa kujaribia. Atakubali kulipa pungufu, labda nusu, lakini utakuwa umepata kodi bila kupoteza hata gauni moja, na watu wanaofuata fedha zao watapita mbele ya nguo ulizotundika. Mara nyingi tunapoambiwa tuchague kati ya hiki na kile, lililo mbele yetu hasa ni kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile.

Lililobaki ni mashine, nalo ni fupi. Zile 2,800,000 zimekwisha kwenda, na hakuna uamuzi wako wa mwezi huu unaoweza kuzirudisha, uiuze mashine au uifunike kwa kanga. Hasara ya 1,200,000 ilitokea siku ile kazi za darizi zilipokosekana. Kuuza kunakufanya uione tu. Unachochagua leo ni kati ya mashine inayoleta 40,000 kwa mwezi na 1,600,000 taslimu. Chukua 360,000 tu katika hizo, nunua majora yako manne kwa fedha mkononi, na utaokoa 15,000 kwa kila jora, yaani 60,000 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya kile mashine inachokupa, na fedha hiyohiyo itarudi ukiuza vitambaa ili ununulie majora ya mwezi unaofuata. Zitakubaki 1,240,000 ambazo bado hujazipangia kazi. Mteja akitaka darizi, mpelekee fundi mwenye mashine umlipe, wewe ubaki na chako cha juu.

Ningependa uanze na mashine, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe. Usimkubalie huyo mnunuzi papo hapo; mwambie aongeze kidogo, kwa sababu mtu aliye tayari kungoja hadi mwisho wa mwezi huenda hajaipata mashine kama hiyo kwa bei hiyo kwingine. Akikataa kabisa kuongeza, pokea 1,600,000 zake, kisha jioni hiyohiyo mpigie mama umweleze kwamba binti yake anabaki, malipo yake yanapanda, na kila wiki atakuwa na siku yake ya cherehani.

Wako,
Mshauri